Nyumba Iliyojengwa kwa Mali ya Wote ni ya Nani?

Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya nyumba. Hatutasema neno juu ya namna ya kujenga, maana mafundi wajua hayo kuliko sisi. Twauliza juu ya haki. Serikali ikitwaa sehemu ya mali ya watu wote, ikajenga nyumba, kisha ikamwuzia mtu mmoja kwa bei nafuu, je, nyumba ile ni yake kabisa? Akiiuza kesho kwa bei ya soko na kutia faida yote mfukoni mwake, ametenda haki, au ametwaa kitu kisicho chake? Wako wanaojibu upesi, "Amenunua, basi ni yake." Na wako wanaojibu upesi vilevile, "Ni mali ya umma, asiiguse." Twaona majibu hayo yote mawili ni mepesi mno, nasi twawaomba mtuvumilie tuyapime.

Swali hili halitoki mbali na milango yetu. Mji wa Mpanda ulikua zamani kwa ajili ya madini ya risasi, na reli ya tawi kutoka Kaliua ilifika mwaka wa 1950 kwa sababu ya madini hayo. Mwaka wa 2012 Mkoa wa Katavi ulitengwa na Mkoa wa Rukwa, na Mpanda ikawa makao makuu. Ndipo watumishi wa serikali walipokuja na jamaa zao, na wafanya biashara wakaja, nao wote walitaka mahali pa kulala. Baadaye Shirika la Nyumba la Taifa lilijenga hapa Ilembo nyumba zinazoitwa za gharama nafuu, kama lilivyojenga katika miji mingine midogo ya nchi yetu.

Wengi wetu hatukujenga hivyo. Mtu wa Ilembo hufyatua tofali zake wakati wa kiangazi, huzichoma kwa kuni, hungoja mavuno ya mpunga au ya tumbaku, hununua bati chache, huezeka chumba kimoja, akaingia humo na watoto wake. Mwaka wa pili au wa tatu huongeza chumba kingine. Mtu huyu hakupewa cho chote na hazina ya serikali, walakini yeye ameitolea hazina hiyo. Saruji, misumari, bati, na hata mche wa sabuni, vyote vina kodi ya ongezeko la thamani ndani ya bei yake, nayo ni asilimia 18. Mjane anunuaye bati moja ili kufunika jiko lake hutozwa kwa kiasi kile kile atozwacho mtu anunuaye bati mia. Basi katika kila nyumba iliyojengwa kwa msaada wa hazina mna shilingi ya mjane huyo. Tusiisahau shilingi hiyo, maana hoja yetu yote yaitegemea.

Tuulize kwanza: Je, ni haki hata kidogo kumtoza mwenye nyumba ya tope ili nyumba ya mwingine iezekwe?

Serikali nyingi zimesema ni haki. Nchi yetu iliunda Shirika la Nyumba mwaka wa 1962, mara baada ya uhuru, nalo lilianza kazi Dar es Salaam kwa kuondoa vibanda vya udongo na makuti na kuweka mahali pake nyumba imara za kodi ndogo. Mwaka wa 1972 ikatungwa sheria ya Benki ya Nyumba. Mwaka wa 1974 ukawekwa mfuko wa nyumba za wafanyakazi na wakulima, ambao waajiri waliutolea asilimia 2 ya mishahara waliyolipa. Jirani zetu wa Kenya wamefanya neno kama hilo katika siku hizi: mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho, ili zijengwe nyumba nafuu. Wako walioipinga tozo hiyo mahakamani, na mwezi wa Novemba 2023 Mahakama Kuu ikaitangua. Kisha mwezi wa Machi 2024 ikatungwa sheria mpya, na tozo ikarudi. Katika manung'uniko ya wafanyakazi wengi wa Kenya limo swali la mjane wetu: Kwa nini nitoe, nami nyumba sitaipata?

Twajibu kwa mfano wa kisima. Kijiji kikichimba kisima, kila kaya hutoa, hata ile iliyo ng'ambo ambayo huteka maji mtoni. Hutoa kwa kuwa kipindupindu kikiingia kijijini hakiulizi nani aliteka wapi, na kwa kuwa binti wa kaya ile aweza kuolewa kesho karibu na kisima. Nyumba nayo ina sehemu ya mambo hayo. Watu wakisongamana kumi katika chumba kimoja, kifua kikuu hakibaki chumbani humo. Mwalimu asiyepata pa kulala huomba kuhamishwa, na watoto wa wote hukosa masomo. Kwa hiyo kutoa kwa ajili ya nyumba ya mwingine kwaweza kuwa haki, nasi hatukubaliani na wanaosema kwamba kila mtu ajijengee mwenyewe na asiyeweza akae mvuani.

Lakini tazameni tofauti. Kisima hakiuzwi na yule aliyeteka kwanza. Akiisha kuteka huenda zake, na mwingine huja na ndoo yake. Nyumba ina mlango na kufuli. Aliyeingia kwanza hufunga. Chumba cha kulala hakiwezi kuwa cha wote, wala jiko, wala choo. Basi ni kitu gani katika nyumba ile kibakiacho kuwa cha watu wote waliotoa? Sisi twaona ni kitu kimoja tu, yaani unafuu wake. Kuta zaweza kulipiwa na mnunuzi. Ule upungufu wa bei ndio uliolipiwa na hazina, na ndani ya hazina imo shilingi ya mjane. Unafuu huo ukidumu, na mtu wa pili na wa tatu wakaupata, kisima kingali kina maji. Ukiisha kwa mtu wa kwanza, wote wamechangia ndoo ya mtu mmoja.

Sasa na tuangalie jinsi unafuu unavyopotea, maana hupotea kwa njia nyingi, na mara nyingi pasipo mtu kuiba.

Njia ya kwanza ni kupotea kabla nyumba haijakwisha. Tangu sheria yake ilipobadilishwa mwaka wa 2005, Shirika la Nyumba lilitakiwa kujiendesha kwa njia ya biashara. Ili kujenga, lilikopa katika mabenki, na mkopo una riba. Mahali pengi palipojengwa hapakuwa na barabara, wala maji, wala nguzo za umeme. Shirika likavileta kwa gharama yake, na gharama ikaingia katika bei ya nyumba. Juu ya hayo ikawekwa ile kodi ya asilimia 18. Wakuu wa shirika wenyewe walilalamika wazi juu ya mambo haya, wakasema ya kwamba ndiyo yaliyopandisha bei. Hivyo nyumba ikaitwa ya gharama nafuu, nayo ilikuwa nafuu ukiilinganisha na nyumba za Dar es Salaam, lakini mkulima wa mpunga hakuweza kuinunua. Aliyeweza ni mwenye mshahara wa kila mwezi na dhamana ya kuonyesha benki. Hatumlaumu kwa kununua. Twasema tu kwamba jina la nafuu halitoshi; yapasa kuuliza, nafuu kwa nani?

Njia ya pili ni ya Sinza. Katika miaka ya 1970 serikali yetu, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Dar es Salaam, mahali kama Sinza na Kijitonyama, ikaweka barabara na maji, ili watu wa kipato kidogo wajenge polepole. Lilikuwa shauri jema, kwa kuwa lilifuata desturi yetu ya kujenga chumba kwa chumba. Lakini katika muda wa miaka viwanja vingi vikafika mikononi mwa watu wenye uwezo zaidi. Wengine walivipata tangu mwanzo, na wengine walivinunua kwa maskini waliogawiwa. Na Benki ya Nyumba, iliyowekwa ili kuwakopesha wananchi, ilielemewa na madeni yasiyolipwa, ikafungwa mwaka wa 1995.

Njia ya tatu ni ya mpangaji apangishaye. Wapo wapangaji wa nyumba za shirika mijini waliolipa kodi ndogo kwa miaka mingi, wakaenda kukaa penginepo, wakawapangisha watu wengine kwa kodi kubwa, wakala tofauti. Hapo nyumba ni ya umma, na karatasi yaonyesha kodi nafuu, lakini anayelala ndani hauoni unafuu huo. Umekatika njiani, kama maji katika mfereji uliotobolewa.

Njia ya nne ni kuuza. Tangu mwaka wa 2002 serikali yetu iliuza kwa watumishi wake nyumba elfu kadhaa zilizokuwa makao ya watumishi. Walionunua walipata makao ya kudumu. Watumishi waliokuja baada yao ikabidi watafutiwe au wajengewe nyingine. Uingereza ilifanya hivyo kwa kadiri kubwa kuliko sisi. Sheria ya mwaka wa 1980 iliwapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua kwa punguzo kubwa, na nyumba zilizouzwa zimepita milioni mbili. Jamaa nyingi zilizopanga tu tangu babu zao zikawa na nyumba zao wenyewe, wala si neno dogo. Lakini huko London nyumba nyingi za namna hiyo zimefika mikononi mwa watu wazipangishao kwa bei ya soko, na halmashauri zina orodha ndefu za wangojao. Scotland iliikomesha haki hiyo mwaka wa 2016, na Wales mwaka wa 2019.

Labda msomaji atasema, "Basi dawa ni kuwakataza wasiuze." Ngoja kwanza, ndugu. Twapaswa kumsikia muuzaji naye, maana ana maneno ya haki.

Aweza kusema hivi: "Mimi ni maskini. Nyumba hii ndiyo mali yangu peke yake. Mwanangu amepata shule na ada sina. Mke wangu ni mgonjwa na hospitali yataka fedha. Tajiri mwenye nyumba tano akiuza moja hamumwulizi neno, wala hamumwambii agawane faida yake na mjane. Mbona mimi niliyepewa kidogo ndimi ninayefungwa kamba?" Neno hili lina uzito. Aliyeuza kiwanja chake Sinza ili kumtibu mgonjwa hakutenda dhambi. Na masharti yakimfunga maskini pasipo kumfunga mwenye nguvu, tumemtwika mzigo aliye dhaifu na kumwacha aliye hodari atembee mikono mitupu. Kwa hiyo twasema wazi: haki ya kuondoka, na ya kupata fedha zako uondokapo, isiondolewe. Nyumba isiyoweza kuachwa ni kifungo.

Walakini muuzaji akidai faida yote, twamwomba ahesabu pamoja nasi. Tuchukue mfano, nao ni mfano tu, si nyumba ya mtu ye yote. Nyumba imegharimu shilingi milioni 50 kujengwa. Hazina imetoa milioni 15, na mtu ameinunua kwa milioni 35. Akaongeza chumba na ukuta kwa milioni 6. Baada ya miaka mji umekua, barabara imetiwa lami, na nyumba yapata mnunuzi kwa milioni 90. Je, hizi 90 ni za nani?

Tukizitenga, twaona mafungu matatu. La kwanza ni milioni 41, yaani 35 alizolipa na 6 alizoongeza. Hizi ni jasho lake. Atakayezigusa ni mwizi. La pili ni milioni 15 za hazina. Hizi hakuzileta yeye. Zilitolewa ili nyumba iwe nafuu, na siku nyumba isipokuwa nafuu tena, sababu ya kutolewa kwake imekwisha, nazo zapaswa kurudi zikamfae mwingine. La tatu ni milioni 34 zilizobaki, nazo ndizo zenye shida. Hakuzifyatua mwenye nyumba kama tofali, wala waziri hakuzichapa. Zimeletwa na mji wenyewe kukua, kwa kazi ya watu wengi wasiojulikana majina. Twaona ni haki wagawane mwenye nyumba na hazina, kila mmoja kwa kadiri alivyotia. Mwenye nyumba alitia 41 na hazina 15. Basi yeye apate karibu milioni 25 na hazina karibu milioni 9. Mwisho wa hesabu mtu wetu huondoka na karibu milioni 66, naye alitia 41. Hazina hubaki na karibu milioni 24, nazo zaweza kushusha bei ya nyumba ya jamaa nyingine. Ada ya mtoto imepatikana, na mjane hakuibiwa.

Wengine watasema kwamba umiliki wenye mpaka si umiliki. Ninyi waalimu wa vikundi mwaweza kuwajibu, kwa kuwa mmeisoma torati. Huko twakuta kwamba shamba lililouzwa lilirudi kwa jamaa yake mwaka wa hamsini. Twakuta pia neno ambalo wengi hulipita mbio: nyumba ya ndani ya mji wenye ukuta, isipokombolewa katika mwaka mmoja, ilikuwa ya mnunuzi daima, lakini nyumba ya kijiji kisicho na ukuta ilihesabiwa pamoja na mashamba, nayo ilirudi. Basi sheria ile ya kale ilijua namna mbili za kumiliki nyumba, moja isiyo na mpaka na moja yenye mpaka, na wenye nyumba za vijijini hawakuhesabiwa kuwa watumwa. Tena mwenye shamba aliamriwa asivune pembe za shamba lake. Shamba lilikuwa lake kweli, na pembe zilikuwa za maskini kwa amri, wala si kwa huruma yake tu. Hatusemi kwamba serikali ya leo itunge sheria kwa kunakili kitabu cha Walawi. Twasema tu kwamba wazo hili la mali yenye pembe ya wengine si jambo geni lililozuliwa juzi.

Wala si wazo la kitabuni tu. Katika mji wa Voi nchini Kenya uko mtaa uitwao Tanzania-Bondeni. Wakazi wake walikaa kwa miaka mingi pasipo hati juu ya ardhi isiyokuwa yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Kenya kwa msaada wa Wajerumani ilipotaka kuutengeneza mtaa, wakazi walipewa nafasi ya kuchagua namna ya kumiliki. Wangaliweza kuchagua kila mtu hati yake. Lakini waliogopa yale yaliyoonekana mahali pengine: hati ikitoka leo, tajiri hununua kesho, na maskini huenda kuanza kibanda kipya porini. Wakachagua ardhi iwe ya wote chini ya wadhamini, na nyumba iwe ya mwenyewe. Mwenye nyumba aweza kuishi, kujenga na kurithisha, ardhi haiuzi, na akitaka kuondoka huuza nyumba yake, na jumuiya ina haki ya kwanza ya kuinunua. Haikuwa kazi nyepesi. Sheria za Kenya za wakati ule hazikuwa na njia iliyo tayari kwa shauri hilo, ikabidi kuunganisha chama cha wakazi na wadhamini. Lakini twaona watu wasio na mali walivyolifahamu swali letu hili na kulijibu wenyewe.

Mji wa Vienna katika nchi ya Austria ulishika njia nyingine. Mwaka wa 1923 uliweka kodi ya nyumba iliyowaelemea zaidi wenye majumba makubwa, na hata kufika mwaka wa 1934 ulikuwa umejenga makao zaidi ya 60,000. Mji haukuyauza. Ungali mwenye nyumba hata leo, na vitukuu vya wapangaji wa kwanza na watu wageni kabisa wamo humo kwa kodi wanayoiweza. Unafuu uliolipiwa miaka mia iliyopita ungali ukifanya kazi. Hatuwezi kudai kwamba Mpanda ni Vienna. Lakini mfano huu waonyesha kwamba unafuu waweza kudumu, mtu akikusudia udumu.

Tena si vema kufikiri kwamba masharti peke yake yatatuokoa. Wadhamini waweza kula. Karani wa nyumba aweza kuandika jina la shemeji yake. Sharti la kutouza laweza kuvunjwa kwa mauzo ya siri usiku, na mnunuzi akakaa kwa jina la mwuzaji. Pale ambapo watu wanaona wizi wa mali ya umma kuwa ujanja, hakuna hati itakayozuia. Kwa sababu hiyo tunaliandika neno hili kwa ninyi, wala hatuwaachii mawakili peke yao. Swali la nyumba ni swali la dhamiri kabla halijawa swali la sheria.

Yako makao mapya katika nchi yetu ambapo swali hili lingali mbichi. Huko Magomeni, Dar es Salaam, jamaa 644 walikaa katika nyumba za kota za zamani. Waliondolewa ili pajengwe upya, nyumba zikabomolewa, na kwa miaka walihangaika katika nyumba za kupanga. Mwaka wa 2016 Rais Magufuli aliamuru wajengewe, na mwezi wa Machi 2022 Rais Samia akayafungua maghorofa yenye makao 656. Ikaelezwa kwamba wakazi wale watakuwa wapangaji wanunuzi, yaani watalipa kidogo kidogo kwa miaka mingi mpaka makao yawe yao. Twafurahi pamoja nao, maana walirudishiwa kilichokuwa chao kwa haki ya kukaa. Lakini makao hayo yako karibu na katikati ya mji mkubwa, na thamani yake itapanda. Siku watoto wao watakapoletewa fedha nyingi na mnunuzi, je, unafuu ule uliojengwa kwa mali ya nchi nzima utakwenda kwa nani? Ni afadhali jibu litafutwe sasa, wakati wazee waliohangaika wangali hai kulisema.

Basi, ndugu, yatupasa nini sisi tusio wabunge? Kwanza, kila tuitwapo katika mkutano wa mtaa au wa kata kuambiwa kwamba nyumba nafuu zitajengwa au viwanja vitapimwa, tuulize maneno matatu kwa adabu. Ni mtu wa kipato gani atakayeweza kulipa? Hazina imetoa kiasi gani katika bei ya kila nyumba? Na mtu wa kwanza akiondoka, bei ya mtu wa pili itawekwa na nani? Kiongozi asiyeweza kujibu la tatu hajamaliza kazi yake, hata kama kuta zimekwisha kupakwa rangi.

Pili, yule miongoni mwetu anayekaa katika nyumba ya umma kwa kodi ndogo, na amekwisha kujenga kwake, na airudishe funguo, asipangishe. Huyu hahitaji sheria mpya, ajua mwenyewe. Na aliyenunua kwa punguzo la wote, akitaka kuuza, na awatafute kwanza walio na hali ile aliyokuwa nayo siku aliponunua, na bei yake ikumbuke punguzo alilopewa. Hatumwambii auze kwa hasara. Twamwambia ahesabu mafungu matatu, ajue lipi ni jasho lake na lipi siyo.

Tatu, tusimdharau mjenzi wa chumba kwa chumba. Yeye ndiye mjenzi mkubwa wa nyumba nafuu katika Ilembo, na hazina haimpi hata msumari. Wakati wo wote watu watakapofikiri juu ya kupunguza kodi ya nyumba nafuu, na waifikirie na bati yake.

Maswali hayo yaulizwe kabla ya msingi kuchimbwa. Funguo zikiisha kutolewa, mwenye kuuliza huonekana kuwa mwenye wivu, na anayeulizwa huwa amekwisha kuweka mapazia. Ndugu walio na fikira nyingine juu ya jambo hili, hasa wale walionunua au waliouza, na watuandikie, tupate kulipima tena.